Shimo la Mataruma

Nyuma ya karakana moja pale Voi, ng'ambo ya reli ya zamani, kuna shimo la kukagulia magari lenye kina cha kifua. Kuta zake ni za mawe, na kwenye kingo zake mbili yamelazwa mataruma ya chuma ili matairi yapite bila kuubomoa udongo. Mwenye karakana husema mataruma yale ni ya njia ya Taveta, ile iliyojengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915 likielekea kupigana na Wajerumani, na sijawahi kumbishia. Ndani ya shimo hilo nilijifunza karibu yote ninayoyajua kuhusu miguu ya mbele ya pikapu.

Pikapu yenyewe ni Isuzu TFR ya mwaka 1994, dizeli, lita mbili na nusu, iliyounganishwa Nairobi na kampuni ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Baba aliinunua mwaka 1999 ikiwa imeshatumika. Kazi yake haijabadilika tangu siku hiyo: kuteremsha mboga. Kabichi, hoho, nyanya na sukuma hupakiwa Werugha, zikapita Wundanyi, zikashuka zile kona za mlimani hadi Mwatate, zikafika Voi, na mara mbili kwa wiki zikaendelea hadi soko la Kongowea, Mombasa. Ikirudi hubeba mbolea, saruji, mabati, na jirani yeyote aliyekosa matatu.

Aliyezaliwa tambarare anaweza asiione taabu ya kazi hiyo. Kutoka Wundanyi hadi Voi unashuka zaidi ya mita 800. Kushuka na mzigo ni kuishi na breki, na kila ukikanyaga breki uzito wote humwagika mbele, kwenye magurudumu mawili ambayo wakati huohuo yanatakiwa kukata kona. Kwa hiyo watu wa milimani wakiuliza habari za gari hawaanzi na injini. Huuliza, "Mbele iko sawa?"

Wengi wakisikia neno springi hufikiria chuma kilichozungushwa, au kamani za nyuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mbele ya TFR hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kuna fito mbili za chuma, moja kila upande, zimelala chini ya gari kufuata chesi. Mafundi huziita torsheni. Ncha ya mbele ya kila ufito ina meno yanayoingia kwenye mkono wa gurudumu, na ncha ya nyuma ina meno yanayoingia kwenye kikono kifupi kinachoegemea bolti moja ndefu. Gurudumu likipanda jiwe, ufito husokotwa kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudi. Ni hivyo tu. Citroën waliziweka fito za namna hiyo kwenye Traction Avant mwaka 1934, na ufito ule ukitunzwa unaweza kumzika mwenye gari.

Ile bolti ndefu ndiyo yenye utamu, na ndiyo yenye sumu. Ukiikaza, pua ya gari hupanda. Ukiilegeza, hushuka. Kwa spana moja na dakika kumi, gari lililolala linasimama kama jipya. Hapo ndipo watu wengi hupotea, wakidhani kukaza bolti ni kuongeza nguvu za springi. Haziongezeki hata chembe. Ugumu wa ufito uko katika unene na urefu wake: uunenepeshe kwa asilimia 10 tu na ugumu utapanda kwa asilimia 46, lakini ukishatoka kiwandani unene wake ni huohuo. Bolti hubadilisha kimo cha gari, basi. Ikikazwa kupita kiasi, mikono ya gurudumu huinama kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili, na ile nafasi ya gurudumu kuteremka shimoni huisha. Pale ambapo gurudumu lingeshuka taratibu, mkono hugonga mpira wa kuuzuia, na mshindo wote huishia kwenye viungo.

Baba hakuwa fundi, lakini alikuwa na kijiti. Kilikuwa cha mkwaju, kirefu kuliko mkono wake, chenye alama mbili alizochonga kwa kisu: moja ya gari tupu, moja ya gari lenye mzigo. Jumapili baada ya kanisa aliisimamisha pikapu kwenye sakafu ya simiti tuliyoanikia mahindi, akapima upepo wa matairi yote manne, kisha akaweka ncha ya kijiti katikati ya gurudumu na kutazama ukingo wa bodi umeangukia wapi. Kulia, kisha kushoto. Mimi nilishika kijiti. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kazi ya kulikandamiza bampa mara tatu kabla ya kupima, ili gari lijitulize kwenye kimo chake. Tofauti ya pande mbili ikizidi upana wa kidole, Jumatatu Baba aliteremka Voi kwa mzee wa shimo la mataruma, rafiki yake tangu ujana.

Baba alifariki Machi 2011. Kijiti kilibaki nyuma ya kiti cha pikapu, na hakuna aliyekigusa.

Lazima niyaeleze mambo ya matanga, kwa sababu hayatengani na habari hii. Siku ya nne, watu bado wamejaa uani, masufuria hayajarudishwa kwa wenyewe, wajomba na baba wadogo walituita sisi watoto ndani. Walikuwa na nia njema. Walisema ni heri mambo yapangwe mapema wakati wote tuko pamoja, kabla ya watu kutawanyika Mombasa na Nairobi. Kwenye karatasi ya daftari iliandikwa kwamba mimi nichukue pikapu na biashara ya mboga, kwa kuwa nilisomea hesabu chuoni. Kaka achukue matuta ya shamba la juu na lile la bondeni. Mdogo wetu alipwe karo mpaka amalize. Kaka aliulizwa kama ameridhika. Akasema ameridhika. Nani atabishana na wazee, na kaburi la baba halijakauka?

Lakini kaka ndiye aliyekuwa taniboi wa pikapu ile kwa miaka minane. Alilala juu ya kabichi kwenye baridi ya usiku akiwa na Baba, akajifunza kuendesha kwenye kona za Wundanyi akiwa bado kijana. Mimi leseni nilikuwa nayo, ila kona zile nilizijua nikiwa abiria. Mpaka Krismasi ya mwaka huo kaka alikuwa hanisalimu. Mboga za mashamba yake zilishuka na gari la mtu mwingine, nami nilizipita zimepangwa kando ya barabara, magunia yamefungwa kwa fundo lile alilofundishwa na Baba mwenyewe.

Mwaka 2012 pua ya pikapu ilianza kulala upande wa kushoto. Ningeweza kushuka Voi kwa mzee. Sikwenda, na sababu yake ni kwamba niliona haya. Nilijua ataniuliza habari za kaka. Zaidi ya hayo nilitaka watu wa Werugha waione pikapu ya Baba imesimama wima mikononi mwangu. Nikaingia karakana moja ya kando ya barabara kuu, kijana akaingia chini na spana, akazikaza bolti zote mbili bila kupima kitu. Alipotoka gari lilikuwa limeinua kifua. Nilimlipa nikaondoka na furaha tele.

Dalili zilikuja moja moja, na kila moja niliipa jibu lake la karibu. Kwanza sauti, "tak," kila gurudumu liliposhuka kwenye kishimo. Nikanunua shokabzoba mpya. Kisha usukani ukaanza kutangatanga pale Maungu malori yanapokupita kwa kasi, ikabidi niushike kama ninavyomshika mbuzi sokoni. Nikasema ni upepo. Kisha matairi. Ukipitisha kiganja juu ya tairi kutoka upande mmoja ni laini, ukikirudisha kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Tairi la namna hiyo linakwambia kwamba haliviringiki sawasawa, linaburutwa pembeni huku likizunguka. Nikanunua matairi mawili mapya.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza. Nilishuka alfajiri na mzigo wa kabichi, nikapita kona zote salama. Nilipofika Mwatate nikavuka tuta polepole, nikakata usukani kumpisha mtu wa bodaboda, na gurudumu la kulia likajikunja chini ya gari kama goti la punda aliyechoka. Bampa likagusa lami. Bojointi ya chini ilikuwa imechomoka kabisa. Watu wa Mwatate walikuja mbio, wakateremsha kabichi zote, wakazipanga kando ya barabara kwa mistari, na nilipozihesabu jioni haikupungua hata moja. Wao waliniambia pole. Mimi mwili ulikuwa unatetemeka, kwa sababu dakika ishirini tu kabla ya hapo nilikuwa kwenye kona za juu, mkono wa kushoto bonde.

Pikapu ilivutwa hadi Voi. Mzee alitoka karakanani akifuta mikono, akalizunguka gari mara moja bila neno, kisha akauliza, "Kijiti cha baba yako kiko wapi?"

Nilikitoa nyuma ya kiti. Alikiweka katikati ya gurudumu la kushoto, lile lililokuwa bado limesimama. Bodi ilikuwa vidole vitatu juu ya alama. Na hilo ndilo gurudumu la upande uliokuwa umelala! Alinirudishia kijiti, akasema, "Ingia shimoni, binti yangu. Leo utashika taa."

Nilishika taa siku mbili. Cha kwanza alichonipa mkononi ni ile bojointi iliyochomoka. Ni kitu kidogo, kinajaa kwenye kiganja: msumari mnene wenye kichwa cha mviringo, umekaa ndani ya kikombe cha chuma, na juu yake kofia ya mpira ya kuzuia vumbi. Kofia ilikuwa imepasuka. Alichota grisi iliyokuwamo kwa kidole akaniambia niisugue. Ilikuwa nyekundu kama udongo wa Tsavo, na kati ya vidole vyangu nilihisi chembe. Vumbi la Voi likichanganyika na grisi huwa ni jiwe la kunolea, na kila gurudumu linapopanda na kushuka jiwe hilo linakula chuma. Kichwa kile kilichotakiwa kuwa duara kilikuwa na shavu moja bapa.

"Hii haikufa jana," alisema. "Imekuwa ikikuita."

Kisha akanionyesha namna ya kuisikia ikiita, kwa kutumia ile ya upande wa pili ambayo haijachomoka. Watu hupiga jeki chini ya chesi, wakashika tairi na kulitikisa, wasione ulegevu, wakaridhika. Kumbe gari likiinuliwa kwa chesi, torsheni huendelea kuusukuma mkono chini kwa nguvu zake zote, viungo vinabanwa, na ulegevu hujificha. Mzee aliweka jeki chini ya mkono wenyewe wa gurudumu, karibu kabisa na bojointi, akainua mpaka tairi likaachana na ardhi kwa upana wa kiganja. Halafu akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kuunyanyua kidogo kidogo. Mimi nilitazama kwa taa. Kiungo kilipanda na kushuka, labda milimita tatu, kikitoa sauti ndogo kama mtu anayetafuna barafu. Nilikuwa nimeendesha gari hilo kwenda Mombasa juma lililotangulia.

Bojointi mpya zilipoingia tukageukia bushi. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, pale mkono wa gurudumu unapojishikiza kwenye chesi. Mpira hauzunguki ndani ya chuma. Umeng'ang'ania bomba la ndani na bomba la nje, na mkono ukipanda au kushuka mpira wenyewe ndio unaosokoteka kidogo, kisha unarudi. Zetu zilikuwa zimechanika kama viatu vya malapa vya zamani. Tulizipiga nje, tukaingiza mpya, tukarudisha mikono, tukapachika bolti na nati. Nilikuwa nimeshika spana na nimeshaanza kuwa na mori wa kazi.

"Nikaze, mzee?"

"Bado."

Tukaenda upande wa pili. Bushi, bolti, nati. "Hizi je?"

"Bado. Zishike kwa vidole tu."

Nilimwuliza kwa nini. Aliupiga mkono wa gurudumu kwa kiganja, ukayumba. "Gari liko hewani. Miguu inaning'inia. Ukikaza hapa, mpira utadhani huku chini ndiko kwao. Ukilishusha gari, mkono unapanda, mpira unasokotwa. Unasimama sokoni, umesokotwa. Unalala usiku, umesokotwa. Barabara haijaanza hata kuutesa. Baada ya miezi sita umechanika, na utasema umeuziwa spea mbaya."

Basi tukaweka kimo kwanza. Aliinua pua kwa jeki ili kuipunguzia bolti mzigo, akapaka grisi kwenye nyuzi zake, akalegeza upande wa kushoto kwa mizunguko kadhaa na wa kulia vivyo hivyo. Tukalishusha gari juu ya mataruma. Tukalisukuma mbele hatua tano, nyuma hatua tano, kwa sababu matairi yakishuka kutoka hewani hushika ardhi yakiwa yamebana ndani na gari hukataa kukaa. Tukalikandamiza bampa mara tatu. Tukapima kwa kijiti. Halikufika. Tukarudia yote, jeki, robo mzunguko, shusha, sukuma, kandamiza, pima. Mara sita. Jua la Voi lilikuwa limesimama juu yetu na mimi nilitamani aseme inatosha. Mara ya sita alama ya kijiti na ukingo wa bodi vilikutana pande zote mbili, na hapo ndipo mzee aliposhuka tena shimoni.

"Wewe panda ukae kwenye kiti cha dereva," alisema. "Hili gari halitembei bila mtu."

Nilikaa pale nimeshika usukani usiokwenda popote, nikisikia chini yangu spana ikilia nati moja baada ya nyingine. Gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake, na uzito wake, na mtu wake ndani. Sasa ndiyo alikaza.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Alifunga kamba ya katani ya Mwatate kwenye matairi ya nyuma, akaivuta hadi mbele kupima matairi ya mbele yanatazama wapi, akachora mstari wa chaki katikati ya kila tairi na kurekebisha tairodi mpaka mbele pakawa pamebana kuliko nyuma kwa milimita mbili hivi. Kisha akanituma Mombasa kwenye mashine ya alaimenti. Kuna wanaoidharau kamba na kuna wanaoidharau mashine, na wote wanakosea. Kamba ya mzee ilinifikisha Mombasa bila kula tairi, na mashine ikaona kile ambacho kamba haiwezi kukiona: gurudumu la kulia lilikuwa limeinama kidogo, ikabidi kibati kimoja chembamba kiongezwe pale mkono wa juu unapofungwa.

Usiku ule wa kwanza, kabla kazi haijaisha, nililala Voi kwa shangazi. Sikupata usingizi. Nilikuwa naiona ile karatasi ya daftari. Wazee wetu hawakudhulumu mtu, na mgawo wenyewe haukuwa wa kijinga. Ila tuliukaza siku ya nne. Sote tulikuwa tunaning'inia. Kaka alisema ameridhika kwa sababu wakati ule hakukuwa na uzito wowote juu ya neno lake: hakuna mboga ya kuuza, hakuna alfajiri ya kuamka bila Baba, hakuna pikapu inayompita barabarani ikiendeshwa na dada yake. Uzito uliporudi, kila siku ya kawaida ilimsokota. Na mimi pia, maana nilikuwa nimepewa kazi ambayo nusu yake sikuijua, nikaona haya kumwomba aliyeijua.

Sikumwambia mzee mambo hayo. Nadhani aliyajua.

Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kuwaendea wazee na kusema karatasi ifunguliwe. Baba mdogo mmoja alikasirika, akaniuliza kama ninataka kumtukana marehemu. Kaka mwenyewe mara ya kwanza hakuja. Tulikaa mwanzoni mwa 2014, miaka mitatu baada ya mazishi, kwenye ile sakafu ya kuanikia mahindi, na safari hii kila mmoja alizungumza akijua anazungumzia nini. Kaka alisema hadharani kwamba hakuwahi kulitaka shamba la bondeni. Mimi nilisema kwamba ninaziogopa kona za usiku. Mdogo wetu, ambaye tulidhani shida yake ni karo tu, alisema anataka kulima. Pikapu iliandikwa kwa majina mawili. Kaka huendesha siku za Kongowea, mimi nina hesabu, wateja, na miguu ya mbele. Hilo la mwisho nililiomba mwenyewe.

Tangu hapo nimejifunza kwamba barabara nayo hufundisha upya kila inapobadilika. Zamani njia ya Mwatate kwenda Taveta ilikuwa murramu, na baada ya Maktau ilikuwa na mikunjo kama ubao wa kufulia. Tulikuwa tukisema ni malori yenye springi ngumu yanayoichimba. Mwaka 2007 wanasayansi watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walizungusha gurudumu juu ya mchanga maabarani na kuonyesha kwamba mikunjo hutokea hata kwa gurudumu lisilo na springi kabisa, mradi tu mwendo umevuka kiwango fulani. Malori yale tuliyasingizia. Njia ile sasa ni lami, na watu wanadhani pikapu zao zimepona. Murramu ilikuwa inaua shokabzoba. Lami ina matuta ya kupunguza mwendo, na tuta linaua bojointi na bushi, kwa sababu mtu hulifikia kwa kasi na kukanyaga breki dakika ya mwisho, akalipanda pua ikiwa imeshazama. Achia breki kabla ya tairi kugusa tuta. Ni jambo dogo, na sijui kwa nini halifundishwi.

Grisi nayo. Zile bojointi zenye nipo ya kupigia grisi, futa nipo kwa kitambaa kabla ya kubandika pampu, la sivyo unaingiza vumbi lilelile unalotaka kulitoa. Pampu mpaka itoke safi. Kwenye vitabu huandikwa kilomita 5,000. Kwa vumbi letu la kiangazi mimi huhesabu majuma, na nikipita kwenye maji ya mafuriko sisubiri hata juma liishe. Beringi za magurudumu ya mbele nazo zataka kufunguliwa, kuoshwa na kujazwa grisi kwa kiganja, na nati yake ikazwe huku unazungusha gurudumu kwa mkono, kisha irudishwe nyuma kidogo. Na fito za torsheni zikitolewa, ya kulia isiende kushoto: kila moja imeshazoea kusokotwa upande wake.

Mzee amestaafu sasa. Karakana iko kwa mwanawe, na shimo lipo. Kwetu tumechimba letu kando ya sakafu ya simiti, bila mataruma, kingo zake ni zege. Mwezi uliopita nilibadilisha bushi za mkono wa juu upande wa kushoto. Nilifanya kama nilivyoonyeshwa: nati kwa vidole, gari chini, mbele hatua tano, nyuma hatua tano. Kaka alikuwa amekuja kuchukua magunia. Alilikandamiza bampa mara tatu bila kuambiwa, nami nikapima kwa kijiti. Alama zilikutana.

Nilishuka shimoni na spana. "Panda ukae kwenye kiti," nilimwambia.

Nilisikia mlango ukifungwa, kisha gari likashuka kidogo juu ya kichwa changu.

"Nimekaa," alisema.

"Usishuke mpaka nimalize."

"Kaza tu, dada. Sina haraka."